Jina la Tisa Kwenye Orodha

Kwa miaka kumi na minane, chumba changu na cha Mama Tarehe vilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukufika darini. Nilimsikia akipiga chafya za vumbi, akiwagombeza mende waliokuwa wakila gundi ya magazeti ya zamani, akijibu simu kwa sauti ya mtu anayetabasamu bila kupenda. Naye alinisikia nikisoma habari za kesho kwa sauti, neno kwa neno mpaka nukta, maana mimi nilikuwa msahihishaji wa gazeti lile. Ndiyo maana aliniita Nukta, na jina likanishika hadi leo.

Jina lake la kwenye vitambulisho tulilijua wote, lakini hakuna aliyelitumia. Ukimwita kwa jina hilo alichelewa kuitika, kama mtu aliye chumba kingine. Ukimwita Mama Tarehe aligeuka papo hapo.

Kazi yake ilikuwa kutunza magazeti ya zamani na kuandika safu ndogo ya ukurasa wa pili iliyoitwa "Siku Kama ya Leo". Kila siku matukio matatu, waliozaliwa wawili, waliofariki wawili. Vyote alivitoa kwenye masanduku kumi na mawili ya viatu, sanduku moja kwa kila mwezi, ndani yake vikadi vilivyoandikwa kwa mkono na kupangwa kwa tarehe. Hakuingiza kadi mpaka ameliona jambo hilo mahali pawili tofauti.

"Ukikosea tarehe ya mtu kufa, ndugu zake wanapiga simu," aliniambia siku zangu za mwanzo. "Ukikosea ya kuzaliwa, anapiga mwenyewe."

Mhariri wetu wa zamani alikuwa na mazoea ya kuchungulia mlangoni kila asubuhi. "Mama Tarehe, leo nani kafa?"

"Ndiyo kwanza saa tatu, bosi. Tuwaache watu wanywe chai kwanza."

Alikuwa na ulimi, lakini hakuwa mtu wa kujieleza. Nilichojua ni kwamba hakuolewa, mama yake alishafariki, na alimlea binti wa mdogo wake aliyekufa. Binti huyo nilimwona akikua, kutoka mtoto wa shule anayefanya hesabu juu ya rundo la magazeti, mpaka mwanamke mwenye kazi katika duka la dawa. Alikuwa mrefu na mwepesi wa kucheka, isipokuwa siku moja ya mwaka.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na tisa mwezi wa nane. Kila mtu mzima mjini kwetu aliifahamu. Ni siku kiwanda cha mashati kilipoungua saa tano asubuhi, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kufuli, na wanawake kumi na watano hawakutoka. Mdogo wake Mama Tarehe alikuwa mmoja wao. Siku hiyohiyo, alfajiri, ndiyo aliyozaliwa binti.

Kwa hiyo binti hakuwahi kukatiwa keki. Kila mwaka alikuja ofisini saa nane mchana na maua ya kununua, wakatoka pamoja yeye na mama yake mkubwa kwenda makaburini. Siku moja ilikuwa inanyesha, nikaombwa niwasindikize kwa gari la ofisi. Nilisimama hatua chache nyuma yao. Binti aliweka maua, akaliambia jiwe kwa sauti kavu:

"Nilikuwa na saa moja tu duniani, ukaniacha ukaenda kushona vifungo. Vifungo, mama."

Ndivyo bibi yake alivyomweleza tangu utotoni: mama yako alikuzaa alfajiri, akahofia kupoteza namba yake kiwandani, akatoka wodini akaenda zamu. Watu waliamini. Kiwanda kile kilijulikana. Mwanamke angeweza kweli kutoka kitandani kwa kuogopa msimamizi. Mama Tarehe alikuwa amemshikia mwavuli. Wote aliuelekeza upande wa binti, mvua ikamlowesha yeye.

Kitu kimoja kilinisumbua kama msahihishaji. Kila ilipofika tarehe hiyo, safu ya Mama Tarehe ilijaa mambo ya mbali: mkataba wa wafalme fulani, kuzaliwa kwa mpiga piano wa nchi za baridi, kifo cha mvumbuzi wa mashine. Moto wa kiwanda hakuutaja hata mara moja. Niliwahi kumuuliza.

"Kadi yake haijakamilika," alisema, akaendelea kukata karatasi.

*

Mwaka wa ishirini na tano wa moto ule, tulikuwa na mhariri mpya. Alikuwa mtu wa makamo, mchapakazi, mwenye haraka ya kuonekana ana jambo jipya. Siku chache kabla ya tarehe yenyewe aliingia chumba cha magazeti bila kupiga hodi, nami nikasikia kila kitu kupitia ule ukuta.

"Mama, tunafanya ukurasa mzima wa kumbukumbu. Nataka orodha kamili ya marehemu kama ilivyotoka wakati ule. Umri, kazi, kila kitu."

"Bosi, mpe mwandishi. Mimi safu yangu ni mistari kumi na miwili."

"Wewe ndiye mwenye magazeti. Halafu nimeambiwa mdogo wako ni mmoja wao. Pole sana. Na nimesikia aliacha mtoto aliyezaliwa siku hiyohiyo. Mama amekufa, mtoto amezaliwa, siku moja! Hiyo ndiyo picha ya ukurasa wa mbele. Nimeshampigia binti simu. Anakuja Ijumaa saa nne, mpiga picha atakuwepo."

Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani. Kisha Mama Tarehe akauliza, taratibu sana, "Amekubali?"

"Amekubali. Amesema ana mengi ya kumwambia marehemu mama yake."

Siku tatu zilizofuata sikumsikia akipiga chafya wala kugombeza mende. Alhamisi mchana aliingia kwangu na karatasi mbili zilizopigwa chapa. Akazilaza mezani, akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Nisomee," alisema.

Nikaanza kusoma kwa sauti kama ninavyofanya. La kwanza, umri miaka thelathini, mkataji. La pili, umri miaka kumi na tisa, mpiga pasi. Nikafika la tisa: umri miaka ishirini na mmoja, mshona vifungo, ameacha mtoto mchanga. Nikaenda la kumi.

"Simama," alisema. "Umepita kosa."

Nikarudi nyuma. Nikaangalia herufi, mkato, nafasi. "Sioni kosa, Mama Tarehe."

"La tisa."

"Limeandikwa sawasawa na kwenye jalada. Nimeliona jalada mwenyewe."

"Jalada ndilo lililokosea. Huyo hajafa, Nukta. Huyo ni mimi."

Nilidhani uchovu umempanda kichwani. Nikanyanyuka nimletee maji. Akanishika mkono, akanikalisha, akafunga mlango. Alichonieleza mchana ule nakiandika hapa kwa mpangilio, ingawa yeye alikisema kwa kurukaruka, huku akikunjakunja pembe ya karatasi mpaka ikachanika.

*

Walikuwa ndugu wawili, yeye na dada yake mkubwa aliyemzidi miaka mitatu. Walifanana kama sahani za seti moja. Dada ndiye aliyesoma, alimaliza sekondari na cheti kizuri, akawa nyumbani anasubiri barua za ajira. Yeye, mdogo, aliacha shule mapema na kuingia kiwanda cha mashati, mashine ya vifungo, namba mia mbili na kumi na mbili. Akapata mimba ya dereva wa magari ya masafa aliyeaga kwenda safari ya wiki mbili akaishia hukohuko.

Kiwandani kibarua hakuwa na likizo ya uzazi. Ukikosa zamu, namba yako anapewa mwingine kabla ya saa nne. Kwa hiyo wanawake walikuwa na njia yao: aliyeumwa au kujifungua alimtuma ndugu yake aliyejua kushona, na kitambulisho mkononi. Wasimamizi walijua, wakajifanya hawajui. Waliangalia namba, si sura.

Siku ile uchungu ulimshika kabla ya alfajiri. Dada alimpeleka wodini, akasubiri mpaka mtoto amelia, saa kumi na mbili na robo. Akaingia akamtazama mtoto, akamtazama mdogo wake.

"Ana kichwa kama cha bibi. Pole yako," alisema. "Haya, nipe kitambulisho. Siku tatu tu, kisha urudi mwenyewe kwenye vifungo vyako, mimi vinanichosha macho."

"Dada, usiende. Acha wanifute."

"Wakufute mtoto ale nini? Lala."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Saa moja dada aliingia kiwandani kwa namba mia mbili na kumi na mbili. Saa tano moto ulianzia stoo ya vitambaa, na mashine za vifungo ndizo zilizokuwa karibu na stoo.

Waliokufa hawakuweza kutambuliwa kwa sura. Walitambuliwa kwa namba za mashine walizokutwa nazo. Hivyo mashine mia mbili na kumi na mbili ikatoa jina la mwenye namba, na mwenye namba alikuwa kitandani wodini, ananyonyesha.

Siku ya pili mgonjwa wa kitanda cha jirani aliletewa sabuni iliyofungwa kwa gazeti. Gazeti letu. Mama Tarehe, kwa kutokuwa na la kufanya, akalichukua lile gazeti akalisoma. Akakuta orodha, akakuta jina lake. La tisa.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Nilicheka," alisema. "Nilidhani wamekosea herufi. Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu nikakumbuka nani alikuwa na kitambulisho changu."

Mama yao alipokuja wodini, alikuwa tayari ameshalia hadi macho yamekauka. Alikuja na habari nyingine. Kiwanda kilikuwa kimetoa taarifa kwamba mtu wa nje aliingia siku ile kwa namba isiyo yake, akachezea pasi ya umeme, na ndiye chanzo cha moto. Hawakumtaja jina kwa sababu hawakulijua. Polisi walikuwa wanamtafuta yeye au ndugu zake. Kuhusu kufuli la mlango wa nyuma, hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo mama yao alipokata shauri. Kama binti mdogo angejitokeza na kusema niko hai, swali la pili lingekuwa: basi aliyekufa ni nani? Na jibu lingemfanya dada kuwa muuaji wa wanawake kumi na wanne.

"Nimempoteza," mama alisema. "Sitawaacha wampake matope na kaburini. Aliyekufa ni wewe. Wewe sasa ni yeye."

Mama huyo aliwakusanya, wakahama upande wa pili wa mji, mtaa usiowajua. Mtoto akanyonyeshwa ndani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Nje, akiwa mgongoni mwa mama yake, aliitwa mtoto wa marehemu. Alipoanza kuongea, akafundishwa kumwita mama yake mzazi "mama mkubwa". Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la mama aliyekufa. Dada naye, kwa karatasi, hakuwa amekufa hata kidogo: aliendelea kuishi, akaomba kazi kwa cheti chake kizuri cha sekondari, akaajiriwa na gazeti.

"Kwa nini gazeti hili?" nilimuuliza. "Ulitaka kuwa karibu na ukurasa ule?"

"Nafasi ilitangazwa, nikaomba. Usinitafutie mashairi, Nukta."

Kisha akainamisha kichwa. "Ilikuwa ya muda. Mama alisema mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi ulikufa wenyewe baada ya miaka miwili, kiwanda kikauzwa, lakini mtoto alikuwa ameshazoea. Nikasema akianza shule nitamwambia. Akaanza shule. Nikasema akivunja ungo. Halafu mama akafa, nikabaki peke yangu na hilo jambo. Kila mwaka namsindikiza mwanangu kwenda kunilaumu, na mimi nimesimama pale namsikiliza. Anasema nilimwacha. Sikumwacha hata siku moja, Nukta. Hata siku moja."

Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu muda wote, na wino ulikuwa umevujia vidoleni. Nilimwambia kitu cha kijinga, kwamba tunaweza kumwomba mhariri aahirishe. Akatikisa kichwa.

"Kesho saa nne watampiga picha akiwa na jina langu chini yake, marehemu. Litakuwa jambo la mji mzima. Nikimwacha apite mlango huo, sitaweza tena kumwambia."

*

Ijumaa alikuja kazini amevaa gauni la kutokea, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Aliniomba nibaki chumbani kwangu na nisifunge masikio. "Nikishindwa kuongea, ingia uniongelee."

Binti alifika saa nne kasorobo, mapema kuliko mpiga picha. Nilisikia kiti kikivutwa.

"Mama mkubwa, mbona umependeza hivyo? Na wewe wanakupiga picha?"

"Kaa, mwanangu. Nina neno."

Alimwambia kuanzia mwanzo. Hakurukaruka kama alivyofanya kwangu. Alisema kwa mstari mmoja ulionyooka, tarehe na saa, kama anaandika kadi. Alipofika kwenye sabuni na gazeti, sauti ilikatika, ikarudi.

Mwisho binti akasema, polepole, "Ngoja. Ninayemlilia kaburini ni mama mkubwa."

"Ndiyo."

"Na wewe ni mama."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unanishikia mwavuli."

Kiti kikasukumwa nyuma.

"Nilipokuwa na miaka tisa," binti alisema, na sasa sauti ilikuwa inapanda, "nilikuuliza kama mama alinipenda. Unakumbuka ulinijibu nini? Ulisema, 'Sijui, mwanangu, hakuwahi kuniambia.' Ulikuwa unanisuka nywele. Mikono yako ilikuwa kichwani kwangu, ukaniambia hujui!"

"Niliogopa nikisema ndiyo, nitasema na mengine."

"Mimi nimemchukia mtu miaka ishirini na mitano. Nimemchukia kila siku nikipiga mswaki. Leo unaniambia huyo mtu hayupo, aliyepo ni wewe, na wewe sikuchukii, na aliye kaburini alikwenda kule kwa ajili yetu nami nikamtukana. Sasa hii chuki niiweke wapi? Niambie. Kwenye sanduku gani?"

Nikasikia sanduku likianguka, vikadi vikimwagika sakafuni. Binti alitoka. Alipita mbele ya mlango wangu bila kuniona, akakutana na mhariri na mpiga picha kwenye korido.

"Ndiye wewe?" mhariri alimwambia kwa uchangamfu. "Karibu sana, tunaanza na—"

"Mmekosea mtu," binti alisema, akashuka ngazi.

Nilipoingia, Mama Tarehe alikuwa amepiga magoti anaokota vikadi. Nikapiga magoti na mimi. Tuliokota mpaka saa saba, na mwezi wa nane ukarudi kwenye sanduku lake.

Mchana ule aliandika safu ya tarehe kumi na tisa. Bado ninayo karatasi ile. Hakuweka wafalme wala wavumbuzi. Aliandika kwamba siku kama hiyo, miaka ishirini na mitano iliyopita, wanawake kumi na watano walikufa katika kiwanda cha mashati kwa sababu mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli. Chini ya waliofariki aliandika jina la dada yake, la kweli, lile ambalo sisi wote tulidhani ni lake, akaongeza: "Alikuwa akimshikia mdogo wake zamu." Chini ya waliozaliwa aliandika jina la binti, mama yake ni nani, na kwamba mama huyo yu hai.

Mhariri alisoma akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, kama sisi wote wenye mshahara. Alisema mwanasheria lazima aone, na kwamba mwanamke aliyeajiriwa kwa vyeti vya marehemu ni tatizo la gazeti zima. Akaamuru ukurasa wa kumbukumbu utoke na orodha ya zamani, na safu iwekwe kiporo.

Safu haikuwekwa kiporo. Karatasi za mwisho hupita kwangu, nazo nilizipitisha. Kwenye orodha ya ukurasa wa kumbukumbu nililikata jina la tisa kwa wino mwekundu na kuandika la dada juu yake, nikatia sahihi yangu pembeni, halafu nikaketi nasubiri mashine za uchapaji zianze kuunguruma chini.

*

Yaliyofuata hayakuwa na utukufu wowote. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuhamishiwa matangazo madogomadogo. Mama Tarehe alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, baada ya miaka ishirini na mitatu, akaambiwa arudishe funguo. Wapo wasomaji waliopiga simu kumpongeza, na wapo ndugu za marehemu wengine waliopiga kumlaani: kama dada yake hakuwa mfanyakazi, basi ndiye yule mtu wa nje. Lile alilolihofia mama yao lilitimia, miaka ishirini na mitano baadaye. Mtu mmoja alimwandikia barua ya kurasa tatu, nzima ikiwa ni jina moja la mama yake aliyekufa motoni, limerudiwa na kurudiwa. Barua hiyo alinionyesha. Hakuweza kuitupa wala kuijibu.

Baadaye alijitokeza mzee aliyekuwa fundi wa matengenezo kiwandani. Akaapa mbele ya hakimu kwamba nyaya za stoo zilishaungua mara mbili kabla ya siku ile, na kwamba ufunguo wa mlango wa nyuma ulikaa mfukoni mwa meneja. Alisema alikuwa amesubiri mtu mwingine aanze kuongea.

Kesi ya kumrudishia jina lake ilichukua miezi kumi na minne. Sheria haikuwa na fomu ya mtu kama yeye. Karani wa mahakama, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alimwangalia akasema, "Mama, hapa nina cheti chako cha kifo. Una uthibitisho gani kwamba uko hai?"

"Nimekuja kwa miguu," alimjibu.

Karani hakucheka. Alitaka ushahidi wa damu: kama ni mama wa binti aliyetajwa kwenye cheti cha kuzaliwa, basi binti aje apimwe.

Wakati huo binti alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miezi saba. Alikuwa amehamia chumba cha kupanga karibu na duka la dawa na habari zake tulizipata kwa watu. Mama Tarehe alikataa kumwomba. Nikaenda mimi. Alikuwa nyuma ya kaunta anahesabu vidonge kwa kijiti cha plastiki. Nilieleza shida, yeye akaendelea kuhesabu mpaka akamaliza pakiti.

"Amekutuma?"

"Hapana. Ameniapisha nisije."

"Ndivyo alivyo," alisema. "Hajui kuomba. Ni tarehe ngapi?"

Alikuja. Nilikuwepo kwenye benchi la maabara, nimeketi katikati yao kama mwamuzi wa mechi. Alitoa mkono, akatazama damu ikipanda kwenye bomba la sindano. Mama yake alipoitwa, aliinuka akayumba kidogo, na binti, bila kufikiri, akamshika kiwiko. Kisha akakumbuka, akauachia.

Majibu yalikuja kama yalivyotarajiwa. Hakimu akamtamka kuwa hai, na dada yake akapata cheti cha kifo chenye tarehe sahihi. Kumwadhibu kwa vyeti alivyotumia, hakimu alisema, hakuona faida. Kazi hakurudishiwa. Siku hizi ana meza ndogo nje ya duka la fotokopi, anawajazia watu fomu, na wapo wanaotoka mbali kwa sababu hakosei.

Siku ya kubadilisha jiwe kaburini nilikwenda nao. Fundi wa mawe aliling'oa la zamani akauliza, "Hili mnalitaka? Herufi zake bado kali."

Mama Tarehe akaangua kicheko, kicheko cha ghafla cha mtu aliyetekenywa, na katikati yake kikageuka kilio, akakaa chini kwenye udongo. Binti alisimama hajui ashike wapi. Mwishowe alichuchumaa mbele ya jiwe jipya, akasema kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa, nisamehe. Nilikuwa sijui ni wewe."

Kwa mama yake hakusema kitu. Lakini wakati wa kurudi, garini, alimuuliza swali la kwanza baada ya mwaka mzima na zaidi.

"Alikuwaje?"

"Nani?"

"Dada yako."

Mama Tarehe alifikiri. "Alikuwa anaimba vibaya sana," alisema. "Na alikuwa anajua kwamba anaimba vibaya, na haachi."

Nimewaona tena mwezi uliopita, kwenye foleni ya kliniki nilikokwenda kupimwa macho. Walikuwa wanagombana. Mama alikuwa ameacha kumeza dawa za presha kwa sababu zinamvimbisha miguu, na binti alikuwa anamsomea maelezo ya pakiti kwa ukali, mstari kwa mstari, watu wote wanasikia. Binti alipoingia ndani kumtafuta daktari, nilimsogelea Mama Tarehe nikamuuliza wanaendeleaje.

"Anakuja Jumapili," alisema. "Analeta matunda, anakaa, anaondoka."

"Anakuitaje siku hizi?"

Alitazama mlango aliopitia binti.

"Haniiti," alisema. "Mama mkubwa hawezi tena, na lile jingine bado halijamfika mdomoni. Anasema tu 'wewe'. Au anakohoa kidogo, nigeuke."

Muuguzi akatokea na orodha, akaita jina lake la kuzaliwa. Mama Tarehe akanyanyuka mara moja, akaenda.